Mawe Manne Katika Pindo la Koti

Mifuko ya nyuma ya suruali ndiyo iliyomsaliti fundi.

Yeye alidhani mambo yametulia. Tangu mkewe azikwe, miezi minne nyuma, alikuwa amepunguza viuno vya suruali zake mara tatu. Kila mara alifumua, akakata, akashona, akapiga pasi, kisha akajitazama kwenye kioo kirefu cha wateja na kuona mtu nadhifu asiye na tatizo lolote. Nguo inakaa vizuri, basi mwenye nguo yuko vizuri. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo kwa jinsi alivyojua kuficha uzi, lakini alisahau jambo ambalo angemkemea hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwa kulisahau: ukipunguza suruali kwa mshono wa nyuma, mifuko husogeleana. Mara ya kwanza inasalimiana. Mara ya pili inanong'onezana. Ya kwake, baada ya mara ya tatu, ilikuwa imebakiza kuoana tu.

Binti yake wa pekee, aliyekuja kumjulia hali kutoka mji wa pili, aliiona pale baba yake alipoinama kuokota bobini ya uzi iliyobingirika chini ya meza ya kukatia.

"Baba."

"Naam."

"Hebu geuka."

"Nigeuke nini tena? Si nimegeuka sasa hivi."

"Geuka hivyo hivyo. Hiyo mifuko inaona baridi? Mbona imekumbatiana?"

Fundi akakung'uta mapajani nyuzi ambazo hazikuwepo. "Ni mtindo."

"Mtindo wa nani?"

"Wa kisasa."

Binti hakucheka. Alilizungusha jicho duka zima. Kwenye dirisha palikuwa na kikombe chenye alama za chai iliyokauka, duara juu ya duara. Ndani ya droo ya vifungo palikuwa na nusu mkate. Akapita mlango wa nyuma, maana duka na nyumba vilikuwa kitu kimoja, akaingia jikoni. Jikoni palikuwa safi mno. Sufuria zililala kifudifudi kwenye rafu, vile vile zilivyopangwa na wanawake waliokuja kusaidia siku za msiba.

"Unakula nini, Baba?"

"Nakula."

"Nimeuliza nini. Sijauliza kama."

"Chai. Mkate. Chai."

"Chai umeitaja mara mbili."

"Kwa sababu nakunywa mara mbili."

Ukweli ni kwamba fundi naye alikuwa ameona kitu. Kiunoni mwa sketi ya binti yake, chini kidogo ya ukingo wa blauzi, palikuwa na pini imebana mkunjo wa vidole viwili. Lakini mtu aliyekamatwa na mifuko yake mwenyewe hana ubavu wa kuuliza habari za pini ya mwenzake. Akaichomeka bobini kwenye cherehani.

Binti akatoa hukumu akiwa amesimama, mkono kwenye cherehani. "Miezi mitatu. Kila Jumamosi utakwenda kliniki kwa mama mdogo akupime uzito. Siku ya mwisho nitakuja mwenyewe. Mizani ikisoma hamsini na saba, unabaki hapa. Ikisoma chini ya hapo, tunafunga duka, unakuja kuishi kwangu."

"Na cherehani?"

"Itakaa sebuleni. Tutaifunika kitambaa kizuri."

Fundi akaitazama cherehani yake, akaona ni afadhali afunikwe yeye. Miaka thelathini na moja ilikaa pale dirishani, na kigoda chake kilielekea mlango wa jikoni kwa makusudi. Kutoka pale alikuwa akimwona mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika shule ya sekondari, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe, hata siku za ugomvi. Kula na Mwalimu ilikuwa kama kukaa dawati la mbele. Kijiko hakifiki mdomoni bila maelezo. "Hayo maharage ni protini, yanakwenda kujenga. Huo wali ni wanga, unakwenda kukupa nguvu ya kukanyaga pedali. Kamulia ndimu kwenye hiyo mboga, madini ya chuma yapate njia ya kuingia." Na fundi kila siku alijibu neno lile lile: "Mwalimu, niache nile, chakula kinapoa." Kwa miaka thelathini na moja aliomba ukimya mezani. Sasa alikuwa ameupata, na haukulika. Mara mbili hivi alijaribu kupika viazi. Akakaa, akasikia meno yake mwenyewe yakitafuna, akaona aibu kama mtu anayekula msibani kwa wageni. Akaifunika sahani.

Basi Jumamosi ya kwanza akavaa koti lake jeusi, lile alilolishona kwa mkono likawa tangazo la duka, akaenda kliniki.

Shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, alikuwa nesi wa kliniki ya watoto. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni, na tangu siku ya posa alikuwa hajamwacha fundi apumue. Alimpanga kwenye foleni pamoja na akina mama, wote wakiwa na watoto mgongoni, yeye peke yake mgongo mtupu.

"Wako yuko wapi, baba?" mama mmoja akamuuliza.

"Wangu ni huyu huyu," nesi akajibu kutoka ndani. "Mtoto wetu ana miaka sitini na nne, hataki kula. Mleteni mbele, asije akalia."

Kadi za uzito za watu wazima hazikuwepo. Nesi akamwandikia kadi ya watoto, ile yenye picha ya mama ananyonyesha. Kisha akamvua koti na kulitundika kwenye mizani ya watoto, ile ya kuning'inia yenye ndoano, ili ajue la kutoa kila Jumamosi.

"Gramu mia nane. Koti lina afya nzuri. Haya, sasa mwenye koti."

Kilo hamsini na nne. Alipokuwa na mke alikuwa na sitini na tatu.

Jumamosi ya pili ikawa hamsini na tatu na nusu. Hapo nesi hakutania. Aliandika, akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Shemeji, mwili ukikosa chakula haukai ukasubiri. Wewe ni fundi, utanielewa. Mteja anataka kaptula na kitambaa hakipo dukani. Ufanyeje?"

"Namwambia aje kesho."

"Mwili haujui kesho. Unapanda kiti, unashusha mapazia ya nyumba yako, unayakata, unashona kaptula. Kesho yake unakata mashuka. Hiyo misuli unayoiona inakwisha mikononi ni mapazia hayo. Siku moja utataka kunyanyua pasi, utakuta nyumba haina nguo. Jumamosi ijayo ukishuka tena, nampigia binti yako simu. Sisubiri miezi mitatu."

Fundi akarudi nyumbani na maneno yale. Mtu mwingine angewasha jiko. Yeye aliingia jikoni na nia hiyo hiyo, akanyoosha mkono kwenye rafu kuchukua sufuria, na hapo akayaona mawe.

Yalikuwa mawe ya mizani ya Mwalimu, ile ya sahani mbili aliyokuwa akipimia unga na maharage ili wanafunzi wake waone mlo wa mtu mmoja ni kiasi gani. Mawe manne ya chuma, meusi, yanang'aa kwa kushikwashikwa: la kilo mbili, la kilo moja, la nusu na la robo. Fundi akalipima la kilo kwa kiganja. Akalitazama koti. Huwezi kumlaumu sana. Mtu akiwa na shida hukimbilia anachokijua, na yeye alijua pindo.

Kazi ile ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Alifumua bitana, akashona vifuko vinne vya turubai, viwili kila upande ili koti lisiegemee, akaweka mawe, akafunga kwa mshono ambao hata yeye alipata shida kuuona. Tatizo likawa kutembea tu. Jumamosi ile alikwenda kliniki kama mtu anayebeba ndoo mbili za maji bila kuzimwaga.

Akapanda mizani. Nesi akatazama. Akatoa gramu mia nane za koti. Akatazama tena.

"Hamsini na saba na robo."

"Nimekula," fundi akasema, akiangalia dirisha.

"Umekula nini?"

"Vitu mbalimbali."

"Kilo tatu na robo tatu kwa wiki moja! Shemeji, nina watoto hapa wananyonya mchana kutwa, hawajafika huko." Akamzunguka, mikono kiunoni. "Vua koti nimpime mtoto."

"Lilishapimwa."

"Watoto hupimwa kila wiki. Vua."

Koti likatundikwa kwenye ndoano. Mizani ikashuka kwa kishindo, sindano ikarukaruka, ikatulia kwenye kilo nne na nusu na zaidi kidogo. Akina mama wakanyoosha shingo. Nesi akalishika pindo, akaliminya, akaenda na vidole kutoka kifuko hadi kifuko, na usoni pake pakapita vitu viwili kwa pamoja, kicheko na kitu kingine.

"Koti limenenepa," akasema. "Limenyonya vizuri mno." Kisha kwa sauti ya chini, "Mbili, moja, nusu, robo. Haya mawe nayajua. Mimi na dada tuliwahi kugombana kwa ajili ya hili la robo. Shemeji, chuma kinatakiwa mwilini, si kwenye bitana."

Fundi akasimama pale na shati lake, mikono haijui iende wapi. "Mpigie tu," akasema. "Mpigie mtoto, yaishe."

Nesi hakupiga simu. Alichukua kalamu, akaandika kwenye kadi, kwa wino: 57¼.

"Huu ni uongo," akasema, "na mimi nimeuandika, kwa hiyo sasa ni wa wote wawili. Zimebaki Jumamosi kumi. Kazi yako ni kuufanya uwe kweli. Namba hii isishuke. Unatoa robo, unaweka robo ya mwili. Unatoa nusu, unaweka nusu ya mwili. Mawe yote yakiisha humo ndani, mizani itakuwa inakusoma wewe. Ukishindwa, nitamweleza binti yako kila kitu, pamoja na aina ya mshono."

"Mshono umeuonaje?" fundi akashindwa kujizuia.

"Mzuri. Toka hapa."

Kazi ikaanza. Nesi alimwandikia karatasi, akaibandika mwenyewe ukutani juu ya cherehani, kati ya picha za mitindo. Haikuwa na maneno makubwa. Yai moja kila siku, au mawili. Maharage au dengu au samaki: kitambaa cha mwili. Wali, viazi au mkate: mguu wa kukanyaga pedali. Karanga na mafuta kidogo: moto unaodumu. Mboga za majani na tunda: vifungo na uzi, maana bila hivyo vazi lote linaachia. Maji hata kama huna kiu, kwa kuwa umri ukienda kiu husahau kazi yake. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: CHAI SI MLO.

Kujua ni jambo moja. Fundi alijua yote hayo kwa miaka thelathini na moja, aliyasikia mara nyingi kuliko sauti ya cherehani. Alipika maharage, yakaiva, akapakua, akakaa. Meno yakaanza kusikika. Akala vijiko vinne, kwa ajili ya binti yake, kwa ajili ya duka, na cha nne kikamkwama.

Aliyemwokoa hakuja kuokoa. Alikuja kudai gauni lake.

Alikuwa mwanamke aliyeuza mayai mtaa ule, akiyapanga kwenye trei mbili au tatu juu ya kichwa bila kushika, na kwa ajili hiyo watu walimwita Mama Trei. Gauni lake lilikuwa limechelewa wiki mbili. Aliingia mchana na kelele zake tayari mdomoni, akaikuta sahani kwenye meza ya kukatia na fundi anaitazama kama mteja mkorofi.

"Fundi, gauni langu limeota mizizi? Na wewe, hayo maharage unayala au unayalinda?"

"Yanapoa kwanza."

"Yameshapoa mpaka yameganda." Akatua trei zake. Akasoma karatasi ya ukutani, midomo ikitembea, kisha akacheka kwa nguvu. "Kitambaa, pedali, vifungo! Hili ni somo la Mwalimu, limevalishwa nguo tu. Mimi nilikaa kwake kidato cha pili, hujui? Mtihani nilifeli vizuri sana, lakini somo hili ninalo."

"Unalo kweli?"

"Aliingia darasani, akauliza: kwa nini tunakula? Mimi nikanyoosha mkono wa kwanza. Nikasema, ili tushibe, Mwalimu. Darasa likanicheka mpaka kesho. Yeye hakucheka. Akaandika ubaoni: kupata nguvu, kujenga mwili, kuulinda na maradhi. Tukanakili. Halafu akageuka, akasema, na siku ambayo huna njaa kabisa, na mwili huutaki, utakula kwa nini? Kimya. Hata yule aliyekuwa anajua kila kitu, kimya."

Fundi hakuwahi kulisikia hili. Kijiko kikashuka. "Akasemaje?"

"Akasema, kwa sababu kuna mtu amekungoja mezani. Akasema hilo halitatoka kwenye mtihani, msiliandike." Mama Trei akavuta kigoda cha wateja. "Mimi hilo ndilo pekee nililoliandika. Ndiyo maana nauza mayai. Haya, nipakulie na mimi, nimetembea tangu asubuhi."

Akampakulia. Mama Trei alikula kwa sauti, akazungumza huku anakula, akalaumu chumvi, akalaumu gauni, akauliza kama maharage yalipikwa au yalitishwa tu. Fundi alipokuja kushtuka, sahani yake ilikuwa tupu. Hakukumbuka kusikia meno yake.

Kuanzia siku ile Mama Trei alikatiza mzunguko wake dukani kila mchana. Alileta mayai mawili, fundi akapika kilichobaki. Mapatano hayakusemwa na yeyote. Yeye alidai tu kwamba anakuja kulilinda gauni lake, na fundi akagundua kwamba gauni lile lina matatizo mengi sana na haliwezi kuisha upesi.

Jiwe la robo likatoka Jumamosi ya tano. Nesi aliliweka mezani kwake likabane kadi zisipeperuke. La nusu likatoka ya saba. Siku la kilo lilipotoka, akina mama kwenye foleni, ambao sasa walikuwa wanajua kila kitu kama ilivyo kawaida ya foleni, walipiga vigelegele, na mtoto mmoja akaamka akilia.

"Mnamwamsha mwenzake," nesi akasema. "Haya, kijana wangu, kwa mwendo huu wiki ijayo tutakuanzishia uji mzito."

La kilo mbili ndilo lililokuwa kazi. Fundi aliligawa: akalitoa, akaweka mahali pake la kilo pamoja na vipande vya chuma chakavu, akawa anapunguza kidogo kidogo mpaka pindo likabaki tupu. Alikula. Alianza hata kubishana na karatasi ya ukutani, akasema samaki wangefaa kuwa bitana badala ya kitambaa, na Mama Trei akamwambia samaki hawana shida na maoni yake. Suruali zikaanza kumbana. Asubuhi moja alikaa na wembe, akafumua mshono wa nyuma, ule wa tatu, kisha wa pili. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kilikuwa na rangi nzito kuliko nje, hakijaona jua.

Kisha, wiki moja kabla ya siku ya hukumu, mama yake Mama Trei akaugua, naye akasafiri kwenda kumuuguza. Mchana wa kwanza fundi alipakua sahani mbili kwa mazoea. Akaitazama ya pili. Ilikuwa sahani ya watu wawili, ya aliyesafiri na ya asiyerudi. Siku ile akanywa chai. Kesho yake akajilazimisha yai, kesho kutwa akarudi kwenye chai. Alhamisi akajikaza, akala mbele ya kioo cha wateja ili walau awe na mtu wa kumtazama, lakini mtu yule wa kioo hakuwa na maneno.

Ijumaa alijua. Fundi hujua mwili wake kwa mkanda. Alikuwa amepungua, si sana, lakini nusu kilo hivi. Na kwenye sanduku la chuma chakavu kilikuwepo kipande cha uzito huo huo. Alikichukua. Alifumua pindo, akakitia, akashona. Dakika tano. Asubuhi akavaa koti, akatembea mpaka mlango wa kliniki, akamwona binti yake ndani amesimama karibu na meza ya mama yake mdogo, akiyageuzageuza mawe yaliyobana kadi.

Fundi akasimama nje. Akatoa wembe mfukoni, akakata pindo lake mwenyewe mbele ya foleni nzima, akatoa kile kipande, akaingia nacho mkononi.

"Hiki kimenishinda wiki hii," akasema, akakiweka mezani. Akavua koti akalitundika mwenyewe kwenye ndoano ya watoto. Gramu mia nane. Akapanda mizani na shati lake.

Hamsini na sita na robo tatu.

Binti akaisoma namba mara mbili. Akachukua kadi ya watoto, akaona wiki nyingi za 57¼ zilizopangwa sawasawa, akaona mawe, akalitazama pindo lililochanika. Mama yake alimfundisha kuhesabu kwa mawe yale.

"Mama mdogo. Haya mawe ya Mama yamefikaje hapa?"

"Muulize mtoto."

Fundi akaeleza akiwa bado juu ya mizani, maana kushuka aliona kama kutoroka. Alieleza vifuko vya turubai, upande wa kuume na wa kushoto, ndoo mbili za maji. Alieleza na mshono. Alipofika kwenye koti kunyonya, bega la binti likaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua ni kicheko, kisha ilichukua muda kujua si kicheko tu.

"Nilisema hamsini na saba," binti akasema hatimaye, akijifuta.

"Ulisema. Nimebakiza robo."

"Geuka."

Fundi akageuka. Mifuko ya nyuma ilikuwa kila mmoja mahali pake, umbali wa watu wanaoheshimiana, na katikati mstari wa kitambaa chenye rangi nzito ambao ulikuwa umekunjwa ndani.

"Imeachana," binti akasema.

"Iligombana." Fundi akashuka. Sasa alikuwa na miguu chini na hakuwa na jiwe popote, na jicho lake likafanya kazi yake. Ile pini bado ilikuwepo. Sasa zilikuwa zimefika mbili, na mkunjo ulikuwa wa vidole vitatu. "Na wewe panda."

"Mimi?"

"Wewe. Miezi mitatu iliyopita niliona pini moja nikanyamaza, nilikuwa na kesi yangu. Leo kesi imekwisha."

"Baba, mimi niko sawa. Ni hii sketi, nilitaka nikuachie uipunguze kidogo kiunoni. Kazi ndogo tu."

"Unakula nini?"

"Nakula."

"Nimeuliza nini," Fundi Pindo akasema, "sijauliza kama."

Nesi tayari alikuwa amechukua kadi mpya ya watoto na kuandika tarehe. Binti akavua viatu, akapanda, na sindano ilipotulia aliangalia pembeni, kwenye dirisha, vile vile alivyofanya baba yake.

"Duka linabaki wazi," akasema polepole, bado akiangalia dirisha. "Nitakuwa nakuja Jumamosi."

"Njoo na njaa. Ukikosa njaa, njoo hivyo hivyo, nitakungoja." Fundi akavaa koti lake lililochanika pindo, jepesi kama la mtu mwingine. "Na hiyo sketi siipunguzi. Nguo za watu wa nyumba hii sipunguzi tena. Haya, vaa viatu twende, maharage niliyaacha yamelowekwa, na leo ni zamu yako kulaumu chumvi."